Kidato cha Saba: Funzo la Jengo la Kona

 

Nitaanza na jambo linaloniaibisha. Ngazi ya hosteli ninayoishi ina vidato kumi na viwili kwa kila ghorofa. Muhula uliopita, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kidato cha saba kilikuwa kimemeguka ukingoni, na kishikio cha chuma kilikuwa kimeng'oka pale pale. Taa ya ngazi ilikuwa imeungua siku nyingi. Nilikijua kidato kile vizuri sana, na nilikijua kwa mguu kuliko kwa macho. Kila alfajiri nikishuka kwenda kuswali, hata umeme ukiwa umekatika, mguu ulihesabu wenyewe na mahali pa saba uliruka. Wakazi wote wa zamani tuliruka. Tulizoea mpaka tukasahau kwamba tunaruka.

Kisha akaja ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza. Katika wiki yake ya tatu, kabla ya alfajiri, alikuwa anapandisha jerikeni ya maji ya udhu kwa sababu mabomba ya juu yalikuwa makavu. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya kidato cha saba. Alianguka, akavunjika mkono wa kulia, na mitihani ya muhula ule hakuifanya.

Tulimlaumu mwenye hosteli, na lawama zile zilikuwa za haki. Lakini mama yake alipokuja kumchukua, alisimama pale ngazini akatuuliza kwa upole: “Wanangu, nyinyi mlikuwa mnapitaje hapa?” Hakuna aliyejibu. Swali lile halijaniacha hadi leo, na makala hii ni jaribio langu la kulijibu. Ajabu ni kwamba njia ya kulijibu nimeipata katika jengo ambalo sijawahi kulitia machoni, lililoko Glasgow, Uskoti.

Jengo la kona

Kaka yangu amepanga chumba Glasgow, katika mtaa wa Pollokshields, upande wa kusini wa mto Clyde. Ni mtaa wenye Waislamu wengi, hasa wenye asili ya Pakistani. Anaishi ghorofa ya tatu ya jengo la kona. Wenyeji huliita jengo la namna hii tenementi. Msomaji wa Kampala akisikia nyumba za kupanga za watu wengi atafikiria mizigo yetu, ile ya chumba kimoja kimoja iliyopangwa safu moja. Tenementi ya Glasgow ni kitu kingine. Ni jengo la mawe la ghorofa tatu au nne ambalo familia nyingi, kila moja na nyumba yake kamili, hutumia mlango mmoja wa mtaani na ngazi moja. Sehemu kubwa ya mji ule ilijengwa hivyo katika karne ya 19, wakati viwanda vya meli, chuma na nguo vilipovuta watu kwa maelfu kutoka mashambani na kutoka Ireland. Mengi yamebomolewa, lakini mengi bado yamesimama na yanakaliwa.

Kaka alinitumia picha kwa sababu nilimwomba. Tulikuwa tunasoma mlango wa sulhu katika fiqhi ya Imam Shafi, pale wanazuoni wanapozungumzia ukuta wa watu wawili na nyumba yenye mwenye juu na mwenye chini. Nilitaka kuona nyumba kama hiyo.

Anayesimama kwenye kona akainua macho ataona uso wa jengo umegawanywa sehemu tatu, kwa mfano wa nguzo ya Kiyunani yenye kitako, shina na kichwa. Chini kuna maduka na mawe makubwa mazito. Katikati madirisha yamesimama kwa mistari iliyonyooka. Yale ya ghorofa ya kwanza ndiyo yenye heshima, yana fremu za mawe zilizochongwa na juu yake vipaa vya pembetatu, na kadiri unavyopanda ndivyo mapambo yanavyopungua. Juu kabisa ukanda mnene wa mawe unatokeza nje na kuzunguka jengo lote kama ukingo wa kofia. Na pale mitaa miwili inapokutana, ukuta haukuachwa na pembe kali. Umezungushwa taratibu, ili anayetoka mtaa huu na anayetoka mtaa ule wote waonyeshwe uso. Katika kona nyingi za mji ule waliongeza na kijimnara au kuba.

Huu ndio mtindo wanaouita wa klasiki, uliochukuliwa kwa Wayunani na Warumi. Msanifu mashuhuri wa Glasgow, Alexander Thomson (1817–1875), alipewa lakabu ya “Mgiriki” kwa mapenzi yake ya mtindo huo, ingawa Ugiriki hakuwahi kufika. Safu yake ya nyumba za pamoja iitwayo Walmer Crescent, iliyojengwa kati ya 1857 na 1862, ipo mpaka leo. Mawe yenyewe ni ya mchanga. Ya zamani ni ya rangi ya asali na yalichimbwa karibu na mji. Kuanzia miaka ya 1890 hivi yakazidi kutumika mekundu, yaliyoletwa kwa reli kutoka kusini-magharibi ya Uskoti.

Uso na mgongo

Picha ya pili ilikuwa ya nyuma, na hapo nilicheka. Upande wa nyuma mawe hayakuchongwa. Yamepangwa jinsi yalivyotoka machimboni, makubwa kwa madogo, na chokaa katikati. Madirisha hayana pambo lolote. Mabomba ya maji machafu yanashuka wazi ukutani. Chini kuna uwanja wa kuanikia nguo na mapipa ya taka. Nilimwandikia kaka: “Jengo lenu ni mnafiki. Mbele Mgiriki, nyuma maskini.” Nilikuwa nimetoka kuandika insha juu ya riyaa, na kila nilichokiona kilikuwa riyaa.

Kaka alinijibu: “Ngoja uje wakati wa mvua ndipo uhukumu.” Kisha akanieleza.

Ule ukanda mnene wa juu haukuwekwa kwa urembo peke yake. Jiwe la mchanga hunywa maji, na Glasgow ni mji wa mvua mwaka mzima. Ukanda unatokeza nje ili maji yadondokee mbali na ukuta. Vipaa vya juu ya madirisha vinafanya kazi hiyo hiyo kwa dirisha. Hata kizingiti cha chini ya dirisha huchongwa mfereji mwembamba upande wake wa chini, ili tone lisirudi nyuma kulamba ukuta. Pale ukanda ulipovunjika na wakazi wakapuuza, jiwe la chini yake huanza kumomonyoka kama sukari iliyoloana. Kwa hiyo lile pambo nililoliona ni majivuno ndilo lililokuwa linawakinga waliomo ndani. Na ule ukuta wa nyuma niliouita maskini unabeba sakafu zile zile na paa lile lile kama ukuta wa mbele. Haukuchongwa, lakini si dhaifu.

Nikajifunza kwamba nilikuwa sijaelewa riyaa. Nilidhani riyaa ni kuwa na uso mzuri, na sivyo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na alipoulizwa kuhusu mtu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri hakumwita mwenye kiburi. Msikiti haugeuki kuwa wa riyaa kwa sababu mlango wake umenakshiwa. Katika Surat at-Tawba, Allah anatupigia mfano wa aliyejenga juu ya ucha Mungu na aliyejenga ukingoni mwa genge linalomomonyoka. Aya haitupi hukumu ya rangi ya ukuta wala urefu wa mnara. Inatupeleka kwenye msingi, inauliza nyumba ile imesimama juu ya nini.

Hata hivyo, sitaki kuusafisha uso ule kupita kiasi. Nyuma ya mawe mazuri ya Glasgow walikuwepo watu waliobanwa familia nzima katika chumba kimoja. Kuanzia 1862 maofisa wa mji walizipima nyumba ndogo ndogo na kupigilia mlangoni kibati kilichoandikwa idadi ya watu wazima wanaoruhusiwa kulala humo, na wakaguzi walikuja usiku kuhesabu vichwa. Na utajiri wa mji ule, karne moja kabla, ulikuzwa na tumbaku na sukari iliyolimwa na watumwa wenye asili ya bara letu hili. Mwafrika hawezi kuusifu uzuri ule akanyamaza juu ya hilo.

Kwa hiyo swali la kuuliza kila uso mzuri, uwe wa jengo, wa jumuiya au wa mtu, ni hili: nyuma yako yuko nani, na unamkinga na nini?

Nilipofika hapo nilikumbuka bango letu. Wiki ya Uislamu ya muhula ule tulichapisha bango kubwa la rangi tukalitundika kwenye kona ya barabara, pale magari yote yanapopita. Wengi walipiga nalo picha, na mimi nilikuwa mmoja wao. Gharama yake ingetosha kuweka vishikio kwenye ngazi nzima ya hosteli na chenji ikabaki. Bango lile halikuwa haramu, na huenda liliwaleta watu kwenye mihadhara. Lakini hatua chache nyuma yake palikuwa na kidato cha saba. Uso wetu haukuwa na ukingo wa kumkinga yeyote.

Ngazi ni ya nani?

Sasa tuingie ndani. Mlango wa mtaani wa tenementi unafunguka kwenye ujia mwembamba unaoishia kwenye ngazi ya mawe. Katika majengo ya wenye uwezo kuta za ujia huo zilivikwa vigae vya kung'aa vya kijani au rangi ya maziwa, na watu walijivunia kuishi penye vigae. Lakini ujia na ngazi havikuwa chumba cha mtu. Hapo ndipo penye tatizo la kila kitu cha pamoja, kwa sababu cha wote mara nyingi huishia kuwa si cha yeyote.

Wenyeji walikuwa na dawa nyepesi. Palikuwa na kadi ndogo iliyoandikwa kwamba wiki hii ni zamu yako ya kuosha ngazi. Ukimaliza zamu unaitundika kwenye mlango wa jirani. Hakukuwa na mkutano, wala kamati, wala hotuba. Kadi ikiwa mlangoni mwako kila anayepita anaiona, na huwezi kusema hukujua. Kaka aliniambia pia kuhusu nyumba namba 145 Buccleuch Street, katika jengo lililojengwa 1892, ambayo sasa ni makumbusho. Aliishi humo bibi mmoja, Agnes Toward, kuanzia 1911 hadi 1965, na vitu vyake havikutupwa. Nilipowaza zaidi ya miaka 50 kwenye ngazi moja nilijiuliza ameiosha mara ngapi, na ni wageni wangapi aliowaona wakiipanda kwa mara ya kwanza.

Sheria nayo ililihangaikia jambo hili. Kwa desturi ya zamani ya sheria ya Uskoti, kama hati za nyumba hazikusema vingine, paa lilikuwa mzigo wa mwenye ghorofa ya juu, na ardhi ya chini ilikuwa ya mwenye nyumba ya chini. Lakini wa chini alilazimika kumtegemeza wa juu, na wa juu alilazimika kumsitiri wa chini. Mwaka 2004 bunge lao lilipitisha sheria maalumu ya tenementi, inayowawezesha wenye nyumba walio wengi kuamua matengenezo ya sehemu muhimu za jengo na kugawana gharama. Nchi zetu nazo zimeanza kuelekea huko kwa sababu ghorofa zinaota kila mahali: Uganda ina sheria ya kondominiamu ya mwaka 2001, Tanzania ina sheria yake ya 2008, na Kenya iliiandika upya ya kwake mwaka 2020.

Mwanafunzi wa fiqhi hawezi kusoma habari hizi bila kukumbuka maulamaa wetu, ambao walizijadili karne nyingi kabla. Wamaliki walisema kwamba ikiwa nyumba ya chini inataka kuporomoka na juu yake kuna mwenye haki, wa chini ataamriwa aitengeneze au aiuze kwa atakayeitengeneza. Imam Abu Hanifa hakumruhusu wa chini kufanya mabadiliko katika nyumba yake bila ridhaa ya wa juu, na wanafunzi wake wawili wakubwa wakamruhusu madhali hamdhuru mwenzake. Sisi Mashafi tuna kauli mbili za Imam wetu, ya kale na mpya. Kwa kauli ya kale, mshirika katika ukuta alazimishwe kuujenga upya ukianguka. Kwa kauli mpya, iliyotegemewa katika madhehebu, halazimishwi, kwa sababu mtu halazimishwi kuitengeneza mali yake mwenyewe.

Kuhusu nyumba ya kupanga, kama hosteli yetu, vitabu viko wazi. Matengenezo ni juu ya mwenye nyumba. Asipoharakisha, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Niliposoma hapo nilipumua, nikaona nimepona. Kidato hakikuwa changu. Ningeweza kuhama, sikuhama, basi.

Lakini mama yule hakuuliza ni nani aliyepaswa kulipa. Aliuliza tulikuwa tunapitaje.

Jahazi moja

Kuna hadithi aliyoipokea An-Nu'man bin Bashir (r.a.), iliyomo katika Sahih ya Bukhari, ambayo wengi wetu tunaijua tangu madrasa. Watu walipiga kura katika chombo cha baharini, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakitaka maji hulazimika kupita kwa walio juu. Wakasema, lau tungetoboa tundu katika sehemu yetu tusiwasumbue wa juu. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba wakiachwa wafanye walilotaka wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote.

Zamani nilidhani walio chini ni watu waovu. Isome tena hadithi utaona si hivyo. Walitaka maji, ambayo ni haki yao, na walitaka wasiwasumbue wenzao, ambayo ni adabu. Kosa lao ni neno moja tu, sehemu yetu. Walidhani ubao walioukanyaga ni wao kama vile mtu anavyodhani kidato si chake. Na wa juu je? Hatuambiwi kwamba wao walitoboa chochote. Hatari yao ni kutazama tu. Ndiyo maana naona hadithi hii ni ya ngazi kuliko ya bahari: anayeharibu na anayenyamaza wanazama maji yale yale.

Wanazuoni wana jina la wajibu wa namna hii. Ni faradhi kifaya, ambayo wakiitekeleza baadhi inawaondokea wote, na wakiiacha wote wanapata dhambi wenye uwezo. Tumezoea kuitaja kwenye swala ya maiti tu. Imam al-Haramayn al-Juwayni, aliyefariki mwaka 478 Hijria, alikwenda mbali zaidi. Aliona kwamba anayesimamisha faradhi kifaya anaweza kuwa na daraja kubwa kuliko anayetekeleza faradhi aini, kwa sababu huyu anajiokoa peke yake, na yule anauondolea umma mzima lawama. Fikiri basi daraja la mtu anayebadilisha balbu ya ngazi.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimelisikia kwenye halaka yetu. Ndugu mmoja alisema: “Ukifungua mlango huo hutaufunga. Mji mzima una mashimo. Je, kila shimo ni dhambi yangu? Na tukimtengenezea mwenye nyumba mali yake, si tunamsaidia kudhulumu?” Pingamizi hili si la mvivu, na silidharau. Mtu akibebeshwa kila kitu hatabeba chochote.

Jibu langu ni kwamba wajibu una mipaka miwili, ujuzi na uwezo. Mashimo ya mji mzima siyajui. Kidato cha saba nilikijua. Kukijenga upya huenda sikuweza. Kusema niliweza. Na kudai haki kwa mwenye nyumba hakugongani na kumwonya jirani. Mambo haya yana ngazi zake: ukiweza kutengeneza, tengeneza, usipoweza, mdai mwenye jukumu na usichoke, na ukishindwa yote, mwambie mgeni. Hilo la mwisho halina gharama. Ni kusema tu, “Ndugu, ukifika cha saba, angalia.” Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na kuondoa udhia njiani ni tawi la chini kabisa. La chini kabisa maana yake ni kwamba hakuna asiyelifikia. Mimi nililiruka.

Sasa naelewa kwa nini lile swali lilichoma. Ujuzi wa hatari katika kitu cha pamoja ni amana. Tuliokijua kidato tulikuwa na amana ya asiyekijua. Tuliitumia kujiokoa wenyewe, kila alfajiri, tukienda kuswali.

Waliposhuka ngazi

Nimesema Pollokshields ni mtaa wa kaka yangu. Tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idd el-Fitr, maofisa wa uhamiaji wa Uingereza walifika Kenmure Street, mtaa wa tenementi hapo hapo, wakawakamata wanaume wawili raia wa India na kuwaingiza kwenye gari. Majirani walianza kushuka. Mmoja akalala chini ya gari lisiondoke, wengine wakalizunguka, wakaongezeka mpaka barabara ikajaa. Walikaa karibu saa nane. Jioni wale wawili wakaachiwa.

Sina nia ya kuhukumu hapa sheria za uhamiaji za nchi ya watu, na najua wapo wenye maoni tofauti. Ninalotaka uone ni dogo. Wale hawakuwa wa dini moja, wala hawakuwa jamaa za waliokamatwa. Wengi hawakuwajua majina. Lakini mtu aliyezoea kwamba ngazi ya jirani ni yake pia hashangazi akiona shida ya jirani ni yake. Moyo wa namna hiyo haujengwi siku ya tukio. Unajengwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, kadi inapohama kutoka mlango hadi mlango.

Uso na ndoo katika sura moja

Namalizia na sura tunayoisoma sana kwa sababu ni fupi. Katika Surat al-Ma'un, Allah (s.w.t.) anawaonya wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia al-ma'un. Nilikuwa najiuliza mambo haya mawili ya mwisho yana uhusiano gani, riyaa na kuzuia vitu vidogo. Baadhi ya wafasiri walisema al-ma'un ni zaka. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba ni vile vitu ambavyo watu huazimana, kama shoka, chungu na ndoo.

Ndoo, ndugu zangu. Yule ndugu alianguka na jerikeni ya maji mkononi. Uhusiano niliokuwa nautafuta ukanikalia wazi. Mwenye riyaa amemaliza nguvu zake zote kwenye uso unaoelekea barabarani, na mtihani wa uso wake haupo barabarani bali uko ngazini, kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna anayevipigia picha. Ukitaka kujua kama swala ya jumuiya fulani ina msingi, usitazame bango lake. Panda ngazi yake gizani.

Tulichanga. Fundi wa kuchomelea vyuma akaja siku moja, akafunga vishikio kutoka chini hadi juu, na kidato kikajengwa kwa saruji. Mwenye hosteli tumemwandikia barua tukamwonyesha gharama, na tunaendelea kumdai. Tumetengeneza kadi pia. Haina maneno mengi: “Taa na ngazi, wiki hii ni zamu yako.” Juma hili iko mlangoni mwangu.

Yule ndugu amerudi, na mkono wake umepona kwa kiasi chake, ila kuandika kwa muda mrefu bado kunamtaabisha. Nilimwomba msamaha. Akasema, “Wewe si uliyevunja ngazi.” Nikamwambia mimi ni niliyeijua. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia amenisamehe. Mguu wangu mpaka leo unaruka kidato cha saba, ingawa sasa ni kizima.

Ndugu msomaji, katika jengo unaloishi kuna kidato unachokiruka. Leo kabla ya Isha, mwambie mtu mmoja.

Ewe Mola wetu, tutengenezee siri zetu ziwe bora kuliko dhahiri zetu, na ujaalie dhahiri zetu ziwe njema. Utujaalie tuwe wenye kuondoa udhia njiani, wala tusiwe wenye kuuruka. Aamin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.